Walinzi wa bei chee: shajara ya mchezo wetu wa kikapu, Kigoma

Jumapili, baada ya mnada

Mnada wa msimu mpya umefungwa saa nne usiku, na bei zimekwenda kulekule. Wapiga shuti wa mbali wamegombaniwa mpaka mameneja wawili wamebakiwa na sarafu za kuhesabu kwa vidole. Gadi (mchezaji wa nje) mwenye sifa ya shuti 17 kati ya 20, lakini ulinzi 4, amekwenda timu ya Gungu kwa bei ambayo ingenunua watano wote wa kuanza wa timu ya Ujiji. Senta (mchezaji wa chini ya kikapu) mwenye ulinzi wa ndani 16 amekaa sokoni tangu asubuhi bila mtu kumtajia bei. Kachukuliwa dakika za mwisho kwa bei ya chini kabisa, tena kwa sababu tu kanuni inataka kila timu iwe na wachezaji kumi.

Kwa anayeanza kusoma hapa: huu ni mchezo wa kuongoza timu ya mpira wa kikapu, tunaucheza kwa simu. Hauna picha. Meneja ananunua wachezaji, anapanga kikosi, anachagua mbinu. Jumatano na Jumamosi injini, yaani programu ya mchezo, inacheza mechi na kuisimulia kwa maandishi. Maandishi yanakula bando kidogo, na mtu aliye Kibirizi anayengoja boti ipakie anaweza kufuatilia mechi nzima hata mtandao ukisuasua. Wazo nililiokota kwenye BuzzerBeater, mchezo wa mtandaoni ulioanza 2007, ambako niliongoza timu mbovu kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusema. Kule nilijifunza jambo ninalolifanyia kazi msimu huu: sifa za kushambulia kila mtu anaziona, za kuzuia zinalala sokoni.

Swali la msimu ni kwa nini hali ni hiyo hata kwenye mchezo nilioutengeneza mwenyewe, ambamo najua injini inampa mlinzi uzito gani. Mameneja hawajui. Wanachokijua ni karatasi ya takwimu.

Jumatatu

Karatasi yetu inaonyesha pointi, ribaundi (mpira uliookotwa baada ya shuti kukosa), asisti (pasi iliyozaa kikapu), mipira iliyoporwa na bloku (shuti lililopigwa kofi njiani). Niliiga tu. Hata NBA yenyewe ilianza kuhesabu bloku na uporaji msimu wa 1973–74. Bill Russell alikuwa amestaafu tangu 1969 akiwa na mataji 11 katika misimu 13, na hadi leo hakuna rekodi rasmi ya bloku zake. Mchezaji aliyeshinda kuliko wote, tena kwa kuzuia, na karatasi haina la kusema juu ya kazi iliyompa jina.

Usiku nimefanya hesabu ambayo nataka niiweke hapa wazi.

Chukua mlinzi ambaye mtu wake anapiga mashuti 14 ya pointi mbili kwa mechi. Mlinzi wa kawaida anamwachia apate asilimia 50, yaani vikapu saba. Mlinzi wangu mzuri anamshusha hadi asilimia 43, yaani vikapu sita. Timu imeokoa pointi mbili. Sasa geuza: mshambuliaji mwenye mashuti 14 hayohayo anayepanda kutoka asilimia 50 hadi 57 anaongeza vikapu kutoka saba hadi vinane. Pointi mbili. Kwenye matokeo ya mwisho wawili hawa ni sawasawa kabisa. Lakini wa pili karatasi inamwandikia pointi 16, na mnada unamlipa. Wa kwanza haandikiwi chochote. Shuti lililokosa kwa sababu mkono ulikuwa usoni linahesabiwa kuwa ni kosa la mpigaji.

Nimemtumia Mwalimu, yule wa hesabu anayeongoza timu ya Katubuka. Jibu lake: "Kijana, hesabu ni sahihi, lakini mimi nitamjuaje huyo mlinzi mzuri wakati hujaniandikia?" Nami sina jibu. Sifa zinaonekana, ulinzi 16 umeandikwa pale kwenye jina lake, ila watu hawaamini namba mpaka waione inafanya kazi.

Jumatano, mechi za kwanza

Gungu wamefungwa na Ujiji. Gadi wa shuti 17 amefunga pointi nyingi kuliko mchezaji yeyote uwanjani, na meneja wake, fundi simu wa Mwanga, amenipigia akilalamika kuwa injini ina upendeleo. Nimemsomea mechi yake mstari kwa mstari. Kila alipofunga, gadi wa Ujiji alipita pembeni yake upande wa pili. Ulinzi 4 maana yake ni hiyo: mlango hauna komeo. Pointi anazoleta zinatoka tena kupitia kwake, na msaidizi anapokuja kuziba pengo, mtu wa msaidizi anabaki peke yake kwenye kona.

Hili la msaidizi ndilo injini inalifanya vizuri kuliko yote na hakuna anayelitambua. Mlinzi dhaifu haumizi pale aliposimama tu. Anawalazimisha wengine wanne watoke kwenye nafasi zao. Kwenye karatasi, kikapu cha kona kinaonekana ni uzembe wa fowadi aliyetoka kuja kusaidia.

Fundi hajaridhika. "Kaka, mimi nimenunua mabao," amesema. Sawa.

Ijumaa: uporaji

Leo nimerekebisha sehemu ya kupora mpira, na hapa msimamo wangu ni tofauti na ule wa juu. Bloku na ulinzi wa mwili vinauzwa chini ya thamani. Uporaji, kwa maoni yangu, unauzwa juu yake. Mameneja wanaupenda kwa kuwa umeandikwa.

Anayerukia mpira anacheza bahati. Akiupata, zamu ya wapinzani, yaani nafasi yao ya kushambulia, imekufa. Akiukosa, amebaki nyuma na wenzake wanne wanazuia watu watano. Kwenye injini yangu zamu ya kawaida ina thamani ya pointi 1 hivi, na zamu ya watano kwa wanne naipa 1.3. Kwa namba hizo, kurukia mpira kunaanza kulipa pale tu unapofanikiwa zaidi ya mara 23 katika 100. Mwalimu amenikumbusha kwamba mpira ulioporwa huzaa shambulizi la haraka, nalo pia lina thamani ya 1.3 badala ya 1. Kweli. Ukiliingiza, mpaka unashuka hadi karibu 19. Bado ni mmoja katika watano, na wachezaji wengi waliomo sokoni hawafiki hapo.

Halafu kuna faulo. Tunafuata kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: dakika 40, robo za dakika 10, mchezaji anatoka kwa faulo ya tano, na timu ikishafikisha faulo nne katika robo, inayofuata inawapa wapinzani mitupo huru miwili. Mporaji mwenye pupa anamaliza akiba ya faulo za timu nzima robo haijafika katikati. Nimeongeza sifa mpya, utulivu, ambayo inapunguza faulo bila kupunguza ulinzi. Natabiri hakuna atakayeinunua.

Jumamosi: bloku, na mgeni kutoka ng'ambo

Msimu huu tuna meneja kutoka Kalemie, Kongo, mzee wa makamo anayefanya biashara ya vitenge kuvuka ziwa. Wote tunamwita Papaa. Alipojiunga, sharti lake lilikuwa moja: kabla hajasoma kanuni, aonyeshwe mchezaji mwenye bloku nyingi kuliko wote. "Mutombo ni wetu," alisema, kana kwamba kuna aliyebisha.

Hakuna wa kubisha. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka wa NBA mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Alimaliza na bloku 3,289, nyuma ya Hakeem Olajuwon peke yake mwenye 3,830. Kidole chake cha kukataza, kinachotikiswa baada ya kila bloku, hata watoto wasiomjua jina wanakiiga kwenye uwanja wa saruji hapa.

Ila bloku si kitu kimoja, na ndipo nilipokaa mchana kutwa. Mpira uliopigwa ukatoka nje unarudi kwa walewale walioshambulia, na saa ya sekunde 24, muda wa timu kupiga shuti, inaendelea pale ilipofikia. Umezuia shuti, hujazuia zamu. Russell alisifika kwa kuugusa mpira kiasi cha kuubakiza uwanjani ili mwenzake auokote. Kwa hiyo nimeivunja bloku katika matokeo matatu: kwetu, kwao, nje. Sifa ya bloku inaamua kama mpira utaguswa. Utulivu unaamua utaangukia wapi. Senta wa bloku 18 na utulivu 3 atapata makofi mengi na mpira kidogo.

La pili, ambalo nadhani ndilo kubwa: bloku ambazo hazikutokea. Mpigaji akimwona mrefu chini ya kikapu anageuza njia, anatoa pasi nyuma, anajaribu shuti la katikati ambalo halina faida. Injini sasa inapunguza idadi ya mashuti ya karibu kabla hata ya kukokotoa bloku. Karatasi haitaonyesha kitu. Papaa amesoma maelezo haya akanitumia ujumbe wa sauti wa kicheko kirefu, na baada yake maneno machache: sasa mchezo unaanza kufanana na basketi.

Kuna wanaotaka urefu uhesabiwe moja kwa moja. Hoja yao ni Hasheem Thabeet, senta mrefu kupindukia, na kwa Mtanzania ni hoja inayogusa moyo: chaguo la pili timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba, baada ya kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East mwaka 2008 na 2009 akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Hakuna Mtanzania aliyemtangulia NBA. Lakini nimekataa. BuzzerBeater urefu unaathiri kasi ya mazoezi, uwanjani zinahesabiwa sifa zenyewe, na nafikiri waliamua vyema. Mimi nimeuruhusu uingie kidogo kwenye bloku na ribaundi, basi. Senta mrefu mwenye miguu mizito, akivutwa nje na wapinzani wanaomwekea gadi wake skrini, yaani kumzibia njia kwa mwili, lazima ateseke. Hilo nataka libaki.

Jumatatu, umeme umekatika kuanzia saa moja

Nimeandika kwa betri hadi laptopu ikazima. Ribaundi ya ulinzi: anayemkalia mpinzani mgongo sasa anapata sehemu ya kazi hata kama mpira kauokota mwenzake. Wapinzani wakiupata tena, FIBA inawapa sekunde 14 mpya, yaani ulinzi wote mzuri wa mwanzo umekwenda na maji. Sina zaidi leo.

Alhamisi: kanda

Jana Ujiji wameshinda tena, na sasa watu wameanza kuuliza. Meneja wao ni dada anayeuza mawese sokoni. Hajawahi kucheza kikapu ila amewahi kuwa mwamuzi wa meza shuleni, na naona ile kazi ya kukaa na kuandika imemfundisha kutazama vitu ambavyo havina safu ya kuandikiwa. Alimchukua yule senta wa ulinzi 16 asiyetakiwa na mtu. Akaongeza fowadi wawili wa utulivu. Kisha mechi zote anacheza kanda ya 2-3: kila mlinzi analinda eneo badala ya mtu, wawili mbele na watatu nyuma.

Mameneja wengine wanaitumia kanda kama dawa ya mwisho, wakishakuwa nyuma kwa pointi kumi. Dada anaanza nayo. Senta wake ana miguu mizito. Mtu kwa mtu angekimbizwa hadi kwenye mstari wa pointi tatu, ndani ya kanda anabaki nyumbani. Na kwa FIBA hakuna kanuni ya kumtoa mlinzi kwenye eneo la chini ya kikapu baada ya sekunde tatu. NBA wanayo, waliileta msimu wa 2001–02, palepale waliporuhusu ulinzi wa kanda uliokuwa umekatazwa. Kwa hiyo katika mchezo wetu kanda ina nguvu kuliko wanavyodhani vijana waliolelewa na vipande vya video vya NBA.

Ina matundu yake. La kwanza, kwenye kanda hakuna mtu wa kumkalia mgongo. Unalinda eneo, na anayeingia mbio kutoka upande wa pili anachukua ribaundi bila kuguswa. Injini inakata ribaundi za ulinzi kwa kila aina ya kanda. La pili ni pale katikati, kwenye mstari wa mitupo huru, kati ya wawili wa mbele na watatu wa nyuma. Mpe mpira mtu mwenye pasi nzuri asimame hapo, na 2-3 inafunguka yote: senta akipanda, chini kuko wazi, asipopanda, shuti ni la bure. Nimeona timu tatu zikipiga mashuti ya mbali dhidi ya Ujiji bila hata moja kumweka mtu hapo. Siwaambii. Nimeandika hapa kwa kuwa najua hawasomi mpaka mwisho.

3-2 ni kinyume chake, inafunga nje na kuacha chini. 1-3-1 inataka mikono mirefu na mapafu, na kona zake ziko wazi. Iliyonipa kazi zaidi ni ya sanduku na mmoja: wanne wanalinda kanda, wa tano anamfuata nyota wa wapinzani popote aendapo, hata akienda kufunga kamba za viatu. Watu walikuwa wanaicheka kuwa ni ya shule za msingi, hadi Toronto Raptors walipomtegea nayo Curry kwenye fainali za NBA za 2019. Katika mchezo wetu inahitaji mlinzi mmoja wa nje wa kiwango cha juu kabisa na pumzi ya kutosha, na huyo ndiye mchezaji anayepatikana sokoni kwa bei ya pipi. Dhidi ya Gungu, ambao mashambulizi yao yote yanapita kwa mtu mmoja, ingekuwa dawa. Dhidi ya Katubuka ya Mwalimu, ambako wanne wanafunga kwa zamu, ni kujichimbia shimo.

Jumapili: nionyeshe au nifiche?

Mjadala umewaka kutoka Mwanga hadi Kalemie. Fundi anataka safu mpya kwenye karatasi: mashuti yaliyobanwa, asilimia ya mpinzani uliyemlinda, mipira iliyoguswa. Anasema ni haki ya mnunuzi kujua. NBA nao walianza kuchapisha hesabu za namna hiyo mwaka 2016, za mashuti yaliyopingwa na mipira iliyoguswa, kwa hiyo si ndoto.

Mwalimu, ambaye mwanzoni ndiye aliyelalamika kuwa sijamwandikia, amegeuka. Hoja yake sasa: ukiandika kila kitu, mnada utajirekebisha ndani ya msimu mmoja, mlinzi atauzwa bei ya mpiga shuti, na dada wa Ujiji aliyetumia macho atapoteza alichokipata kwa macho. Dada mwenyewe hajasema kitu, na hilo limewaudhi wote.

Mimi naona safu ya asilimia ya mpinzani ingekuwa uongo wenye sura ya ukweli. Mlinzi bora kawaida ndiye anayepewa mpinzani mgumu kuliko wote. Ukimhesabia vikapu alivyofungwa, ataonekana mbovu kuliko yule anayelinda mtu asiyepiga. Na mlinzi wa nje anayepitwa kwa makusudi kumpeleka mpinzani kwa senta, nani ahesabiwe? Wala kushindwa kuonekana si balaa la mchezo wa simu tu. Ben Wallace hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1996, zaidi ya wachezaji hamsini wakiitwa mbele yake. Baadaye akawa mlinzi bora mara nne, sawa na Mutombo, na bingwa na Detroit mwaka 2004. Wale waliompita walikuwa na karatasi zote mezani.

Uamuzi: hakuna safu mpya. Badala yake nimetajirisha masimulizi ya mechi. Zamani injini ilisema "amekosa shuti". Sasa inaweza kusema "amebanwa, amelazimika kupiga kwa mkono wa kushoto", au "ameingia, amemwona senta, ameurudisha mpira nje", au "msaidizi amechelewa kwa hatua moja". Anayesoma mechi yake ataona majina yaleyale yakijirudia. Anayetazama matokeo tu ataendelea kununua mabao. Gharama ya bando imepanda kidogo, nimejaribu kwa simu ya zamani ya batani yenye intaneti na kurasa bado zinafunguka.

Fundi amesema nimewapendelea wenye muda wa kusoma. Ana hoja, na nimemwahidi kitu kimoja: mwisho wa robo kutakuwa na mstari mmoja wa muhtasari wa ulinzi, bila namba.

Jumanne, dirisha dogo la usajili

Bei zimesogea, si sana. Utulivu, ile sifa niliyodhani haitanunuliwa, umegombaniwa na timu mbili: Ujiji, kama nilivyotarajia, na Kibirizi ya Papaa, ambaye amegundua kwamba bloku zake zilikuwa zinatoka nje. Gadi wa shuti 17 amewekwa sokoni na fundi mwenyewe. Ameniuliza kwa faragha bei ya mlinzi wa nje yeyote mwenye pumzi, na nimemjibu kwamba mimi siuzi, naendesha mnada.

Kilichobaki kabla ya Jumamosi ni presi ya uwanja mzima, yaani kuwabana wapinzani tangu upande wao. Kwa sasa ni rahisi mno kutumia: wapinzani wana sekunde nane za kuvuka nusu yao, injini inawapotezea mipira hovyo, na anayebana halipi chochote. Nataka ichoshe. Kila zamu ya presi itakula pumzi mara mbili ya zamu ya kawaida, na mchezaji aliyechoka kitu cha kwanza kupungua kiwe miguu ya ulinzi, shuti lifuate baadaye. Mwalimu ameomba aone fomula kabla sijaiweka hewani. Nimempa, na ameirudisha na mstari mwekundu kwenye mabano ya pili: pumzi ya wa akiba inahesabiwa tangu aingie uwanjani au tangu mechi ianze? Tangu aingie, Mwalimu. Nabadilisha usiku huu.